Rangi ya Wingu la Mvua

Kila asubuhi kabla ya chai, dada mtu alipiga magoti mbele ya kiti cha kaka yake, akamfungua kitambaa cha mguu wa kushoto, na kila asubuhi kaka aliuliza swali lile lile: kidonda kinaendeleaje? Naye dada, ambaye tangu utotoni hakujua kudanganya hata kwenye karata, alijibu kwa sauti kavu kama anayemtajia mteja bei ya kitambaa. Kinakauka, Kaka.

Hakikuwa kinakauka. Kilianza kama lengelenge dogo chini ya kidole gumba, kazi ya kiatu kipya, jambo la kuchekwa. Lengelenge likapasuka, likawa kidonda, na kidonda kikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Sasa kidole chenyewe kilikuwa kimegeuka rangi, na weusi ule ulikuwa unapanda kidogo kidogo kuelekea kwenye kifundo. Kaka hakuuona kwa sababu alikuwa amepofuka miaka minne iliyopita. Wala hakusikia maumivu, kwa sababu kisukari kilekile kilichochukua macho kilikuwa kimezitia nyayo zake ganzi. Kama alitaka kujua habari za mguu wake mwenyewe, hakuwa na pa kuzipata ila kinywani mwa dada.

Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshamvuta dada pembeni, wiki tatu nyuma, akamwambia bila kumung'unya maneno: mpeleke hospitali kubwa wiki hii hii, wakikata kidole sasa atabaki na mguu. Dada aliitikia, akashukuru, akarudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani akashona sare sita za shule bila kuinua kichwa. Siku ya saba ilipita, na ya kumi na nne ikapita.

Sababu alikuwa nayo, na aliishika kwa mikono miwili. Mama yao alikatwa mguu kwenye goti, akarudishwa nyumbani amefungwa kama mtoto mchanga, na siku ya tisa wakamzika. Walipotoka makaburini kaka alisema, kwa hasira ya siku ile, kwamba yeye wasije wakamkata. Akienda, ataenda na miguu yake yote miwili. Maneno ya mtu mwenye uchungu, na huenda msemaji mwenyewe alishayasahau. Dada hakuyasahau. Aliyaweka akiba, na sasa alikuwa anayatumia, maana ukweli wenyewe ulikuwa mwepesi zaidi na wa aibu zaidi: aliogopa. Mume hakuwa naye, watoto hakujaliwa, na kaka huyu akiondoka, nyumba ingebaki ya cherehani na yeye. Kwa hiyo akasema kinakauka, na kesho yake akasema tena. Akishasema mara kumi, ya kumi na moja ataigeuzaje?

Basi ndipo ndege ilipoingia.

Kaka mtu alikuwa fundi wa kupaka rangi ndege. Miaka ishirini na sita alisimama juu ya ngazi ndani ya karakana ya uwanja wa ndege, barakoa usoni na bomba mkononi, na mtaani hakuna aliyemwita jina jingine isipokuwa Fundi Rangi. Alipostaafu, mikono ilikataa kustaafu naye. Akaanza kuunga ndege ndogo za plastiki, zile zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi, vimeshikizwa kwenye vijiti kama matunda mabichi. Aliunga kumi na nne, akazipanga juu ya kabati la vyombo, na ole wake anayezigusa na kitambaa cha vumbi. Boksi moja lilibaki halijafunguliwa: ndege ya mizigo ya injini mbili, aina ileile ya ndege ya kwanza aliyoachiwa kuipaka peke yake alipokuwa kijana. Hiyo alikuwa anaitunza kwa siku ambayo mikono itakuwa imetulia vizuri. Mikono ilitulia, macho yakaondoka.

Dada ndiye aliyelishusha boksi lile kutoka juu ya kabati. Alimwambia kaka kwamba ni la kumpotezea mawazo, watasaidiana, yeye atakuwa macho na kaka atakuwa akili. Ilikuwa kweli, lakini nusu. Sebuleni kulikuwa kumeanza kukaa harufu ambayo dawa ya kusafishia kidonda haikuweza kuifukuza, na dada aliwaza kwamba gundi na thina zitaifunika. Huo ndio ukweli, na haufai kupambwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wiki mbili zile zilikuwa nzuri. Walikaa mezani tangu asubuhi, dirisha wazi, dada akisoma namba za vipande kwenye karatasi ya maelekezo na kaka akivipokea kimoja kimoja, akivipapasa kingo, akivisugua kwa msasa mwembamba mpaka kidole gumba chake kiseme basi. Dada alipozoea kisu alianza kukata vipande kwa haraka ya mshonaji, na siku moja alikata gurudumu la mbele pamoja na kipande cha mguu wake. Kaka alipokea vile vipande viwili, akavipima kiganjani, akamuuliza kama anaunga ndege au anapunguza suruali. Walicheka mpaka dada akafuta machozi, na ndani ya kicheko hicho hicho akaukumbuka mguu mwingine, akainuka akaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Kabla ya kufunga nusu mbili za kiwiliwili, kaka alidai gololi tatu za chuma, akazigundisha puani mwa ndege mwenyewe. Bila uzito huo, alieleza, ndege hii itakalia mkia kama mbwa. Ukishafunga huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo kitu cha ndani kiwekwe mapema. Dada akazibana nusu zile pamoja.

Siku ya rangi ilikuwa Jumatano. Rangi za kaka zilikaa kwenye rafu ya dirishani, makopo madogo ya bati yaliyopangwa mstari mmoja, kila kopo na nafasi yake, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mstari ule hauguswi. Rangi ya ndege ile haikuuzwa dukani, ilichanganywa, na kaka aliijua kwa moyo: kizibo kizima cha nyeupe, matone tisa ya bluu, tone moja la nyeusi. Karakana nzima waliiita rangi ya wingu la mvua. Alikuwa ameipaka kwenye mabati halisi, mita kwa mita, na aliwahi kusema kwamba hata akifufuliwa ataikumbuka kabla ya jina lake.

Akanyoosha mkono kwenye rafu, akahesabu kwa vidole kutoka kushoto, akachukua kopo la pili. Vidole vyake vilikaa juu ya mfuniko muda kidogo, kama mtu anayefikiri. Kisha akaufungua, akamimina kizibo kizima ndani ya kisahani, akachukua kopo la bluu, akaanza kuhesabu matone kwa sauti.

Dada aliona kitu kilichomiminika. Kilikuwa cha njano. Akakumbuka papo hapo: Jumamosi, vumbi, kitambaa chenye maji. Alikuwa ameyashusha makopo yote akaifuta rafu, akayarudisha kwa kubahatisha. Yeye ndiye aliyebadilisha nafasi za nyeupe na njano. Na sasa tone la nne, la tano, la sita la bluu lilikuwa linazama ndani ya njano, na ndani ya kisahani kulikuwa kunazaliwa rangi ya kijani, chafu, ya maji ya dimbwi.

Angeweza kusema. Neno moja tu, simama Kaka, nimekuharibia makopo, na kaka angegomba nusu saa kisha wangeanza upya. Lakini mdomo wa mtu aliyezoea kusema mambo yako sawa huwa mzito kwa neno la namna hiyo. Alingoja matone yaishe ili aseme vizuri. Matone yakaisha. Kaka akakoroga kwa kijiti, taratibu, akainua uso uliokuwa haumwangalii mtu.

"Imetoka?"

"Imetoka," dada akasema.

"Ile yenyewe? Ya wingu la mvua?"

"Ile yenyewe, Kaka."

Kaka aliendelea kukoroga kwa muda ambao rangi haikuuhitaji. Kisha akamsogezea kisahani, akasema basi paka.

Dada akapaka. Aliziba madirisha ya ndege kwa utepe wa karatasi kama alivyofundishwa, akapaka mkono wa kwanza, wakasubiri, akapaka wa pili. Aliloweka nembo kwenye sahani ya maji mpaka zikaachana na karatasi zake, akazitelezesha kwenye mkia na chini ya mabawa. Kazi ilikuwa safi, mistari imenyooka kuliko pindo la sare yoyote aliyowahi kushona, na ndege nzima ilikuwa ya kijani kibaya. Aliwaza kuichukua kwa siri na kuipaka upya, lakini kaka hakuiacha mbali. Mchana aliipakata, usiku ilikaa kando ya mto wake, na vidole vyake vilikuwa vinaisoma mistari ya mabati toka puani mpaka mkiani. Tabaka la tatu angeligundua kabla halijakauka. Kwa hiyo dada akajiambia kwamba ni plastiki tu. Kipofu ana furaha, nani anaumia?

Ijumaa kaka akatangaza kwamba amempigia simu Tochi, na Tochi atakuja Jumapili kuiona ndege.

Dada aliitazama ndege ya kijani. Tochi alikuwa mkaguzi wa karakana enzi za kaka, mtu mfupi, mwembamba, aliyepata jina lake kwa sababu hakupita mahali bila kumulika. Wengine walikagua kwa kutazama, yeye aliingiza tochi kwenye kila tundu, akalala chali chini ya tumbo la ndege, akapanda juu ya bawa, na hakutia sahihi kitu ambacho hakukiona kwa macho yake mawili. Mafundi walimchukia mwezi mzima na kumshukuru siku moja, ile ambayo angeona ufa.

Jumapili dada alimsubiri getini kama anayesubiri wadai. Alimweleza yote kwa mkupuo, makopo, njano, kijani, akamwomba amwambie kaka kwamba rangi ni ileile. Ya mguu hakuyagusa. Tochi alisikiliza akitazama viatu vyake. Alisema hajawahi kufanya hivyo hata siku moja. Dada akamwambia kwamba hii haibebi abiria, Mzee wangu, hii ni ya kukaa kabatini, na huyu ni mgonjwa. Tochi akashusha pumzi ndefu, akamfuata ndani. Mlangoni alisita, pua ikamcheza, akamtazama dada kwa jicho la pembeni. Dada akajifanya anapanga viatu.

Wazee wawili walisalimiana kwa kushikana mikono bila kuachiana, wakataniana juu ya vitambi na vipara, kisha kaka akampa rafiki yake ndege. Tochi aliigeuza huku na huku. Alisifu maungio na unyoofu wa nembo, akasifu jinsi inavyosimama sawasawa juu ya magurudumu matatu. Rangi hakuitaja.

"Na rangi?" kaka akauliza.

"Rangi," Tochi akasema, akakohoa. "Rangi ni yenyewe."

Kaka akatikisa kichwa polepole. Akamwambia dada alete daftari la vipimo vya wateja na kalamu. Dada alijua kinachokuja. Karakana ilikuwa na desturi yake: kazi ikiisha, fundi husimama penye pua ya ndege bila kusema neno, mkaguzi huizunguka, hutamka kwa sauti kila anachokiona, kisha huandika na kutia sahihi. Kabla ya sahihi, ndege haitoki mlangoni, hata kama rubani amekwisha kaa ndani.

"Andika," kaka akasema. "Imekaguliwa. Rangi sahihi. Halafu tia sahihi yako."

Tochi alifungua kalamu, akaiweka ncha juu ya karatasi, ikakaa hapo hapo. Dada alimtazama kwa macho ya kuomba. Nje mtu alikuwa anafua, maji yakimwagika kwa vishindo. Hatimaye Tochi akaifunga kalamu.

"Siwezi," akasema.

"Ni rangi gani?"

"Kijani."

"Najua," kaka akasema. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilimtisha dada kuliko ugomvi. "Tochi unayo?"

Tochi alisema anayo, haijawahi kutoka mfukoni.

"Basi iwashe. Sikukuita kwa ajili ya ndege." Akaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akaupandisha juu ya kigoda kama anayepandisha mzigo wa mtu mwingine. "Mdogo wangu, mfungulie."

Dada alisema amekifunga asubuhi hii tu, kikifunguliwa mara kwa mara kitaingia vumbi. Kaka hakuuondoa mguu kigodani. Akapiga magoti mahali alipopiga kila siku, akakifungua kitambaa, safari hii vidole vikigombana na fundo alilolifunga mwenyewe. Harufu ikatoka, na hapakuwa na gundi wala thina ya kuizuia.

Tochi alichuchumaa kwa taabu, akamulika, akaanza kutamka. Alitamka kama zamani, kwa sauti ya kazi, sehemu baada ya sehemu. Kidole gumba, cheusi. Cha pili, cheusi. Cha tatu, kimeanza. Unyayo umefunguka, ndani kuna usaha. Kifundo kimevimba. Kuna mstari mwekundu unapanda.

"Mpaka wapi?"

"Karibu na goti."

Kaka alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sehemu, kama fundi aliyesimama penye pua ya ndege. Kisha akamgeukia dada, akakosea upande kidogo, akawa anaongea na cherehani.

Alimwambia kwamba mwaka ule macho yalipoanza kumuaga, alitia alama za tupa kwenye mifuniko ya makopo yote. Nyeupe haina alama, njano ina mbili. Dada alikuwa ameziona alama zile mara nyingi, akadhani ni mikwaruzo ya bisibisi. Jumatano kaka alipogusa kopo la pili na kukuta alama mbili, alijua kwamba mstari umevurugwa, na alikuwa amekwisha fungua mdomo ili amgombeze. Wazo likamjia palepale, juu ya mfuniko.

"Pua yangu haijapofuka," akasema. "Nilikuwa nasikia harufu, na wewe unaniambia kinakauka. Nikawaza labda pua ndiyo inanidanganya. Sikuwa na kitu cha kukupimia. Basi nikamimina njano."

Dada alilia bila sauti, kitambaa kichafu kikiwa bado mkononi. Alitaka kumwambia kaka kwamba ameharibu ndege yake ya mwisho, ile aliyoitunza miaka yote, kwa kitu ambacho kingejulikana kwa kuuliza tu. Kilichotoka kikawa kifupi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza," kaka akasema. "Kila asubuhi."

Tochi ndiye aliyetafuta gari. Hospitali iliwapokea mchana ule ule, na daktari mpasuaji, kijana mwenye haraka, aliuangalia mguu kwa dakika mbili. Alimwambia dada kwenye korido, bila ukali wowote, kwamba mwezi mmoja nyuma ingekuwa kidole. Wangewahi hata wiki mbili nyuma, ingekuwa nusu ya unyayo. Sasa ni juu ya goti, na aombe Mungu moyo uhimili. Dada alitia sahihi karatasi ya kukubali. Herufi zilikuwa zimepinda kama za mtu anayejifunza kuandika.

Moyo ulihimili. Kaka alirudi nyumbani baada ya siku ishirini na mbili, amekonda, hana maneno mengi, na kile kicheko cha gurudumu hakikurudi naye. Hakumfukuza dada wala hakumlaumu mbele ya watu. Kwamba amemsamehe, hakusema, na dada hakuwa na uso wa kuuliza. Siku moja dada alimwambia kwamba kopo la nyeupe bado limejaa, angeweza kuikwangua ndege ile taratibu, wakachanganya wingu la mvua upya, matone akahesabu kaka mwenyewe. Kaka alimwambia aiache hivyo hivyo, na asiiweke kabatini na zile nyingine. Iko juu ya meza, karibu na dawa.

Mguu uliobaki nao unahitaji kukaguliwa. Kila asubuhi kabla ya chai, dada anapiga magoti mbele ya kiti, anavua soksi ya mguu wa kulia, na kabla hajagusa kitu, kaka ananyoosha mkono mezani, anaipapasa ndege puani penye gololi tatu, anauliza.

"Rangi gani?"

"Kijani, Kaka."

"Haya. Sasa niambie mguu."

Naye anamwambia.